Neno la Wazi na Mnong'ono katika Rufiji

Mto Rufiji hauingii baharini kwa mlango mmoja. Ukaribiapo Bahari ya Hindi, mkabala wa kisiwa cha Mafia, hugawanyika ukawa mikono mingi ipitayo kati ya mikoko na mashamba ya mpunga. Na mkono mmoja ukijaa mchanga, maji hushika njia nyingine. Wakazi wa delta wamejua kwa vizazi vingi kwamba maji hayo hayazuiliki, bali huongozwa. Neno la watu lina tabia hiyohiyo. Historia ya Rufiji na Kibiti kwa muda wa zaidi ya miaka 100 yaonyesha kwamba neno lililofungiwa mlango wa mbele halikufa, ila lilitokea uani; na neno la uani lina kasoro moja kubwa, nayo ni kwamba halina wa kulijibu, wala wa kulisahihisha, wala wa kulidhamini.

Siku hizi jambo hili huzungumzwa kwa jina la uhuru wa maoni na usimamizi wa mabaraza ya mtandaoni. Jina ni jipya lakini jambo ni la kale. Kila watu wanapokusanyika kusema, pamoja na msemaji huwapo mtu wa pili: mwenye baraza, mwenyekiti, mhariri au msimamizi. Huyo ndiye aamuaye neno lipi lipite, lipi lirekebishwe na lipi likataliwe. Wako waonao kwamba mtu huyo hafai kuwapo kabisa, na wako waonao kwamba asipokuwapo dunia itaharibika. Ubishi huo hauna mwisho. Swali lenye manufaa zaidi ni kwamba mtu huyo amtumikia nani, na alipokosea ajibu kwa nani.

Mfano wa kwanza watoka Ngarambe. Wajerumani, au Wadachi kama walivyoitwa na wenyeji, walitoza kodi tangu mwaka 1898, na kuanzia mwaka 1902 waliwalazimisha watu wa nchi hizo kulima pamba katika mashamba ya pamoja chini ya usimamizi wa maakida na majumbe. Baraza la akida lilikuwa mahali pa kupokea amri. Mtu aliyekuwa na lalamiko juu ya akida hakuwa na mahali pa kulipeleka ila kwa akida yuleyule. Katika hali hiyo, mwaka 1904, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alijulikana kuwa ameingiwa na pepo Hongo, na kwamba ana maji ambayo humkinga mtu na risasi. Watu walianza kumwendea kutoka mbali.

Habari zake hazikutangazwa kwa ngoma wala kwa mbiu. Zilipita kutoka mdomo hata sikio, kwa siri, kwa njia ambayo Wamatumbi waliiita njwiywila. Mwanahistoria G. C. K. Gwassa, aliyekusanya simulizi za wazee katika miaka ya 1960, alilihifadhi neno hilo ili lisipotee. Mnong'ono ule ulifanya kazi ambayo hakuna mkutano wa hadhara ungaliweza kuifanya chini ya utawala ule: uliwaunganisha watu wa lugha na koo mbalimbali ambao kabla ya hapo hawakuwa na shauri moja. Mwishoni mwa Julai 1905 pamba iling'olewa katika vilima vya Umatumbi, vita vikaanza. Tarehe 4 Agosti 1905 Wajerumani walimnyonga Kinjikitile huko Mohoro, lakini walikuwa wamechelewa, kwa maana mtu hunyongwa ila mnong'ono haunyongeki.

Walakini nguvu ya mnong'ono ndiyo iliyokuwa hasara yake. Ahadi ya kwamba risasi zitageuka maji haikupata kusimamishwa mchana, mbele ya watu wengi, ikaulizwa: nani ameona, na wapi, na lini? Mwenye kutia shaka angaliweza kudhaniwa kuwa mjumbe wa Wajerumani. Basi neno la haki, yaani malalamiko ya kodi na pamba na viboko, lilisafiri pamoja na neno lisilo la kweli, na hapakuwa na mtu wa kulitenga moja na jingine. Tarehe 30 Agosti 1905 wapiganaji walioikabili boma ya Mahenge waliangushwa na bunduki za mzinga. Hadi vita vilipokwisha, vita vyenyewe na njaa iliyofuata viliua watu 75,000 kwa hesabu ya Wajerumani wenyewe, na kwa kadirio la Gwassa watu kati ya 250,000 na 300,000. Lawama haiwaangukii walionong'ona, maana hawakuwa na njia nyingine. Yamwangukia kwanza yule aliyewanyima watu baraza la kusemea, kisha akastaajabu kwamba hakusikia kitu.

Waingereza waliofuata walijifunza nusu ya somo. Mwaka 1923 serikali yao ilianzisha gazeti la Mambo Leo mjini Dar es Salaam, likafungua kurasa zake kwa barua, habari za wilaya na mashairi ya wasomaji. Mtu wa bara na mtu wa pwani waliweza kubishana mbele ya macho ya nchi nzima pasipo kuonana, tena aghalabu kwa lakabu badala ya jina la kuzaliwa. Msimamizi wa baraza lile la karatasi alikuwa mhariri. Kwa upande mmoja kazi yake ilikuwa njema: alisahihisha lugha na kuupa ubishi mipaka. Kwa upande mwingine alikuwa mtumishi wa serikali, na jambo lililoigusa serikali hakuweza kulipima kwa mizani ya ukweli peke yake. Ndiyo sababu mwaka 1937 Erica Fiah alianzisha gazeti lake, Kwetu, ili Mwafrika awe na mlango ambao ufunguo wake umo mikononi mwake mwenyewe. Na ndiyo sababu mwaka 1958 Julius Nyerere alifikishwa mahakamani kwa makala yaliyotoka katika Sauti ya TANU, ambayo yaliwalaumu maafisa wa wilaya, akatozwa faini ya shilingi 3,000.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961 ufunguo ulibadili mkono, lakini kufuli ilikuwa ileile. Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976 ilimpa waziri uwezo wa kulifungia gazeti, na Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 haikuuondoa uwezo wa serikali wa namna hiyo. Mnamo Machi 2019 Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki iliona kwamba vifungu kadhaa vya sheria hii ya pili vyapingana na mkataba wa Jumuiya.

Kati ya nyakati hizo mbili delta yenyewe ilitoa mfano mwingine, nao ni wa kheri. Katika miaka ya 1990 kampuni iitwayo African Fishing Company ilitaka kuchukua maelfu ya hekta za delta ili kufuga kamba wa kuuza nje. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira lilishauri mradi usikubaliwe. Baraza la Mawaziri, mwaka 1997, likaukubali. Wavuvi na wakulima wa vijiji vya delta hawakunong'ona. Walisema katika mikutano ya vijiji vyao, waandishi wa habari za mazingira wakayachukua maneno yao hadi magazetini, na wanasheria wakayapeleka Mahakama Kuu. Palikuwa na waliouunga mkono mradi kwa tamaa ya ajira, nao pia walisema. Kila upande ulilazimika kutaja hoja, hesabu na mipaka ya ardhi, kwa sababu kila upande ulikuwa ukisikiwa na mwenzake. Hatimaye mradi haukutekelezwa. Mikoko ingali ikisimama mahali ambapo mabwawa yangalichimbwa, na hakuna mtu aliyepoteza roho katika ubishi ule.

Mwaka 2006 ulianzishwa mtandao wa JamboForums, ambao mwaka 2008 ulichukua jina la JamiiForums. Waanzilishi wake, Maxence Melo na Mike Mushi, waliwapa Watanzania baraza lisilo na sakafu wala paa, ambamo mwalimu wa Kibiti aliweza kujibizana na daktari wa Mwanza na mfanyakazi wa Muscat kwa saa ileile. Wengi waliandika kwa lakabu, kama babu zao walivyofanya katika Mambo Leo. Wasimamizi waliweka kanuni, wakaunganisha mada zilizofanana, wakafuta matusi na kuwasimamisha waliozidi mipaka. Walilaumiwa na wengine kwa kufuta mno, na wengine kwa kufuta kidogo mno, na hiyo ndiyo ada ya kila mwenye baraza.

Si haki kusema kwamba usimamizi wa namna hii ni uonevu. Afrika Mashariki ina makaburi yanayoshuhudia kinyume. Mwaka 1994 redio RTLM ya Rwanda ilitaja watu na mahali walipojificha, wakauawa. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 ujumbe wa simu ulipita kutoka mkono hata mkono ukichochea jirani dhidi ya jirani. Mtu asemaye kwamba kila neno liachwe lipite hajawahi kukaa mahali ambapo jina la mtu likitajwa jioni, mwenyewe haioni asubuhi.

Kibiti ilikuja kuwa mahali pa namna hiyo. Mnamo Januari 2015 kituo cha polisi cha Ikwiriri kilishambuliwa, askari wawili wakauawa na silaha zikachukuliwa. Katika miaka miwili iliyofuata watu wasiojulikana waliua makumi ya watu katika Rufiji, Kibiti na Mkuranga. Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi 8 waliuawa kwa risasi karibu na Jaribu Mpakani. Lakini waliouawa kwa idadi kubwa, tena mmoja mmoja, walikuwa wenyeviti wa vijiji na vitongoji, watendaji wa vijiji, na viongozi wa chama tawala katika ngazi za chini. Serikali iliunda Kanda Maalumu ya Kipolisi ya Rufiji, na vikosi vikaingia.

Jambo moja katika mauaji hayo halijatazamwa vya kutosha. Mwenyekiti wa kijiji si kiongozi tu wa kugonga mihuri. Kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 kijiji kina mkutano wake mkuu wa watu wazima wote, na mwenyekiti ndiye auongozaye. Yeye humpa huyu nafasi na kumwambia yule angoje. Humtaka mwenye kumtuhumu jirani yake alete ushahidi. Hulizuia tusi lisije likawa ugomvi. Kwa maneno mengine, yeye ndiye msimamizi wa baraza la kwanza kabisa la nchi. Kumwua mwenyekiti kulikuwa kulizima baraza. Baada ya wenyeviti kadhaa kuuawa, wengine walikimbia au walikataa kujulikana kwa cheo chao. Mkulima wa kandokando ya Rufiji aliyeona watu wageni wakipita mwituni hakujua tena amwambie nani. Akiwaambia polisi, aliwaogopa wauaji. Asipowaambia, aliwaogopa polisi, maana zilikuwapo familia zilizosema kwamba jamaa zao wamechukuliwa na hawajulikani walipo.

Palipokosekana baraza, mnong'ono ulirudi kana kwamba haukuwahi kuondoka. Wengine walisema chanzo ni ushuru wa mkaa na mazao ya misitu, wengine ardhi, wengine siasa, wengine watu wa itikadi kali kutoka nje. Kila kauli ilikuwa na wenye kuiamini, na hapakuwa na mahali pa kuzipambanisha kauli hizo na ushahidi. Methali isemayo kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja, ilipata katika Kibiti maana ya kutisha: lililosemwa juu ya mtu lilikuwa laja kweli, awe na hatia au asiwe nayo.

Katika giza hilo Azory Gwanda alifanya kazi ya taa. Alikuwa mwandishi wa habari wa kujitegemea aliyekaa Kibiti na kuyaandikia magazeti ya Mwananchi na The Citizen. Aliandika juu ya mauaji hayo kwa namna ambayo mnong'ono hauwezi: nani ameuawa, wapi, siku gani, ndugu zake wasema nini, polisi wajibu nini. Kazi ya mwandishi wa wilayani ni ndogo machoni pa watu wa mjini, lakini ndiyo inayoyageuza masikizi yakawa habari. Habari yaweza kukanushwa, kwa sababu ina jina la mwandishi na jina la gazeti, masikizi hayakanushiki.

Tarehe 21 Novemba 2017 Azory Gwanda alifika shambani alipokuwa mkewe, akiwa pamoja na watu wasiojulikana katika gari jeupe aina ya Land Cruiser. Aliuliza ufunguo wa nyumba ulipo, akasema anakwenda safari ya dharura, na kwamba asiporudi siku ile atarudi kesho yake. Hakurudi. Waandishi wenzake walipaaza swali moja kwa miaka: Azory yuko wapi? Mnamo Novemba 2018 maafisa wawili wa Kamati ya Kuwalinda Waandishi wa Habari, waliokuja Tanzania, walizuiliwa Dar es Salaam kwa muda na kuhojiwa. Mnamo Julai 2019 Waziri wa Mambo ya Nje, Palamagamba Kabudi, aliiambia BBC maneno yaliyoeleweka kuwa mwandishi huyo alitoweka na kufa. Kisha ikaelezwa kwamba maneno hayo hayakueleweka sawasawa. Familia ikabaki na neno lililosemwa na kuondolewa, nalo halikuwa jibu.

Wakati uleule milango mingine ilikuwa ikifungwa. Katika mwaka 2017 peke yake magazeti ya Mawio, MwanaHALISI, Raia Mwema na Tanzania Daima yalifungiwa kwa muda mfupi au mrefu. Mabaraza ya mtandaoni nayo hayakusalimika. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 iliwapa polisi uwezo wa kudai taarifa za watumiaji, na tarehe 13 Desemba 2016 Maxence Melo alikamatwa, kisha akashtakiwa katika Mahakama ya Kisutu kwa mambo yaliyohusu kutotoa taarifa hizo. Mnamo Aprili 2020 alihukumiwa katika mojawapo ya kesi kulipa faini ya shilingi milioni 3 au kufungwa mwaka mmoja. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 zilitaka mwenye baraza awe na leseni, aondoe neno lililokatazwa katika muda wa saa 12 akiamriwa, na aweze kumtambua aliyeliandika. Mkosaji alikabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo, au vyote viwili. Mnamo Juni 2018 JamiiForums ilisimama kwa majuma kadhaa. Mnamo Septemba 2025 leseni yake ilisimamishwa tena, safari hii kwa siku 90.

Katika kanuni za namna hiyo tofauti kati ya usimamizi na uzibaji yaonekana dhahiri. Msimamizi wa kweli huuliza kama neno lamdhuru mtu asiye na hatia. Msimamizi aliyetishwa huuliza kama neno litamdhuru yeye. Wa kwanza hufuta jina la jirani aliyetuhumiwa pasipo ushahidi, na huliacha lalamiko libaki. Wa pili hufuta lalamiko zima, kwa kuwa hana muda wa kulipima na faini yamngoja. Tena lakabu, ambayo kwa mtu wa mjini yaweza kuwa mapambo tu, kwa mtu wa Kibiti wa mwaka 2017 ilikuwa ngao. Kumtaka mwenye baraza amtaje aliyeandika ni kumwambia shahidi wa kijijini anyamaze.

Basi katika historia hii ya Rufiji twaweza kuchotwa vipimo vya kumtambua msimamizi mwema. Kanuni yake yajulikana kabla ya neno kusemwa, si baada. Akikataa neno hutoa sababu, na aliyekataliwa ana mahali pa kukata rufaa. Na zaidi ya yote, mwenye kuamua si yule aliyelaumiwa na neno lenyewe. Akida wa Wajerumani hakukitimiza kipimo hiki cha mwisho. Mhariri wa serikali ya kikoloni hakukitimiza pale serikali ilipoguswa. Serikali huru iliyojipa uwezo wa kufungia gazeti liisemalo nayo haikitimizi. Mkutano wa kijiji ukiendeshwa kwa adili hukitimiza, na hukumu ya mahakama iliyo huru hukitimiza, na baraza la mtandaoni laweza kukitimiza likiachwa na wasimamizi wake wakawajibika kwa kanuni zilizo wazi.

Watetezi wa ufungaji husema kwamba palipo na hatari ya damu ni heri kimya kuliko uhuru. Kibiti yawajibu. Kimya hakikuleta amani pale. Kiliwapa wauaji mwitu mwingine wa kujifichia, na kiliwaacha raia na askari pamoja bila ya njia ya kuaminiana. Yule mkulima aliyeona watu wageni mwituni alihitaji mtu mmoja wa kumwambia, ambaye asingemsaliti kwa wauaji wala kumtia mikononi mwa wenye hasira. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa mtu huyo, akauawa. Mwandishi wa habari alikuwa mtu huyo, akatoweka. Na familia moja ya Kibiti, iliyoambiwa kwamba mwenyewe atarudi kesho, ina haki ya kupewa jibu hadharani, mbele ya baraza, kwa neno lenye mwenye kulidhamini.